Nafasi ya Kujaza

Masalu wa bima kaniandikia kwa kalamu nyekundu:
usile baada ya saa mbili usiku,
maji ruksa, kahawa hapana,
siku mbili usiguse chumvi.
Siku mbili! Mimi, muuza kayabo wa Mwaloni,
chumvi imeniingia hadi kwenye mikunjo ya viganja;
nikilamba kidole kuhesabu noti
nimeshavunja masharti.

Tena: usibebe mzigo, lala mapema,
vaa blauzi ya mikono mipana.
Nimeazima ya Leokadia. Ina maua makubwa,
utadhani naenda kuposwa.

Miaka kumi na tisa nimesimama nyuma ya mizani.
Naijua sahani inavyodanganywa:
kijiwe, gundi, kidole gumba kilichojisahau,
gunia lililolazwa nje linywe umande.
Kesho ni zamu yangu kupanda juu ya sahani,
na nesi atausoma mshale bila kunitazama usoni,
kama nilivyowasomea wengine.

Leokadia kaleta na vidonge vyake viwili vya presha
ndani ya kipande cha gazeti.
"Kimoja usiku, kimoja alfajiri,
mashine itakusoma kama msichana."
Nimeviweka nyuma ya kopo la majani ya chai.
Sijasema ndiyo. Sijavirudisha.

Jioni nilipanda Bugarika kwa miguu,
ngazi mia na kumi na mbili katikati ya mawe,
nikihesabu.
Ya sitini na nne nikakaa,
nikajifanya natazama ziwa.
Mtoto mwenye ndoo kichwani akanipita, akaniamkia,
na marahaba yangu ikatoka vipande viwili.

Sasa fomu ipo mezani.
Mnufaika: Lugembe, kidato cha tatu,
huyu aliyelala mguu mmoja nje ya neti.
Hilo niliandika upesi.
Umewahi kuzimia? Hapana.
Unavuta sigara? Hapana. Moshi wa kuni hawakuuliza.
Baba yu hai? Hapana.
Umri alipofariki: arobaini na tisa.
Sababu ya kifo,
na mstari mfupi, urefu wa kidole gumba.

Hapo kalamu ikagoma.

Maana kwetu Sengerema sababu ilijulikana.
Baba aliamka analalamika kisogo kinagonga,
akaanguka zizini, mdomo umekwenda upande,
na jua halijazama sababu ilishapata jina na nyumba:
bibi Nyanjige, macho mekundu,
mji wa tatu kutoka kisimani.
Hatukuwa na kipimo. Tulikuwa na jirani.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilirusha jiwe.
Halikufika, lakini nilirusha.
Akahama usiku na kuku wake watatu,
na yale macho, sasa najua, ni moshi tu,
moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia maisha yake yote.

"Hapo andika ajali," Masalu alininong'oneza,
"ukiandika presha watakuongezea kila mwezi."
Kiasi gani? Akataja.
Nikapiga hesabu: kayabo mmoja wa wastani,
asiye na kichwa.

Nimewahi kupunja kwa kilo zaidi ya hiyo,
na nikalala usingizi.

Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapita mwisho wa mstari,
nikaingia kwenye nafasi ya matumizi ya ofisi:
PRESHA. HAKUROGWA.
Neno la pili hawakuliuliza.
Wakitaka wanikate nalo.

Kesho nitapita kwanza kwa Leokadia na vidonge vyake.
Blauzi atasubiri, bado naihitaji.

Saa mbili imepita.
Lugembe, bila kujua masharti,
kanibakizia ugali na mkia wa sangara.
Naufunika.